Bi Itakuwaje na King'ora cha Saa Sita

Jina lake halisi limeandikwa kwenye kitambulisho anachokivaa shingoni, lakini ukifika getini ukamtaja kwa jina hilo, mlinzi atakukodolea macho kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. Sema Bi Itakuwaje. Hapo utasindikizwa mpaka mlangoni kwake, na pengine utapewa pole kabisa, kwa sababu aliyemwendea huyu mama na jibu moja hurudi na maswali matano.

Jina hilo alipewa na mafundi wa kituo cha gesi ya kupikia, mahali anapofanya kazi kama mhandisi wa usalama. Ni kituo kikubwa. Matangi meupe yamejipanga nyuma ya ukuta, malori yanaleta gesi, mitungi inajazwa na kutawanywa majikoni kwa watu. Fundi akimwambia valvu hii hujifunga yenyewe, yeye huuliza, "Ikikwama, itakuwaje?" Fundi atajibu itafungwa kwa mkono. "Na mwenye mkono akiwa chooni, itakuwaje?" Mafundi wanasema hata siku ya posa yake, mchumba alipomaliza kujieleza mbele ya wazee, bibi harusi mtarajiwa aliuliza, "Na nikizeeka nikawa mkali, itakuwaje?" Yule bwana akajibu kwamba atanunua pamba za masikio. Ndoa ikafungwa, na mpaka leo wanaishi vizuri, pamba hazijanunuliwa.

Cheka, lakini usimdharau. Gesi ile si kitu cha mchezo. Ikitoroka haipandi juu kama moshi; hushuka, hutambaa chini kama maji, huingia kwenye mitaro na chini ya milango ya watu, ikitafuta moto. Kijiti kimoja cha kiberiti kinatosha. Ndiyo maana serikali iliamua kwamba kituo cha namna hiyo hakipewi kibali kipya cha kufanya kazi mpaka kiandike andiko la usalama, yaani kieleze bila kuficha kitu gani kinaweza kuharibika, kitazuiwa na nini, na kizuizi nacho kikishindwa ni nini kitawaokoa watu. Kazi ya kuliandika akapewa yeye. Pale kituoni wakaliita Kitabu tu, maana lilikuwa linanenepa kila mwezi.

Sasa, wapo watu wanaoandika vitabu vya namna hiyo wakiwa wamekaa kwenye kiti, feni inawapepea, wanachukua andiko la kituo kingine na kubadilisha jina. Mimi watu hao siwapendi hata kidogo, na yeye alikuwa hawapendi zaidi yangu. Alijiwekea sharti lake mwenyewe, kwamba sentensi ambayo hajaiona ikitendeka kwa macho yake haiingii Kitabuni.

Alipofika kwenye sentensi iliyosema gari la zimamoto litaingia kwa lango la nyuma, hakuiandika. Aliwapigia simu zimamoto, akawaomba walete gari. Likaja, likaingia langoni kwa mbwembwe, likakwama kwenye kona kama ng'ombe kwenye mlango wa banda la kuku. Kona ikavunjwa, gari likaitwa tena, likapita. Ndipo sentensi ikaandikwa. Ilipofika zamu ya bomba la kuoshea macho, alijifunga kitambaa usoni akaanza kutembea kutoka kwenye pampu, mikono mbele, kwa sababu aliyerukiwa na gesi machoni haoni njia. Aligonga ugoko kwenye benchi la mafundi hadi akaona nyota mchana. Wakakimbilia kumshika. Akasema, "Msinishike mimi, ondoeni benchi." Alichechemea wiki nzima, na benchi halijarudi pale hadi leo.

Hivyo ndivyo Kitabu kilivyoandikwa, kwa miguu. Ikabaki sentensi moja tu, nayo ilihusu mtaa ulio ng'ambo ya ukuta. Ilisema: jirani wakisikia king'ora, watazima kila moto na kwenda uwanja wa shule. Uwanja ule uko juu ya kilima, na gesi ile haipandi kilima.

Sentensi hiyo aliiacha ya mwisho kwa sababu alikuwa na hakika nayo. Mtaa ule ni kwao. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akachukuliwa na Shangazi, dada ya baba yake, aliyemlea katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma unatazamana na matangi. Shangazi ndiye mama, ndiye baba, na ndiye aliyemfunza kuuliza, maana kwake ukisema uongo unaulizwa mpaka unachoka mwenyewe. Jirani wote anawajua. Mikutano ya usalama ilifanyika, watu wakaulizwa, wakajibu vizuri sana. Wahenga walisema mganga hajigangi, na Bi Itakuwaje, ambaye alikagua mpaka vyoo vya walinzi, hakuwa amekagua kwao.

Lakini sharti ni sharti. Siku moja kabla ya kutia sahihi, alifunga ofisi asubuhi akaenda kwa Shangazi. Kwa kawaida huenda Jumapili. Siku za kazi, mchana humkuta kwenye kantini ya kituo.

Shangazi alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alimwona akikata kona, akainua mkono kukinga jua.

"Makubwa! Leo jua limechomoza magharibi?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa. Nimekuja kukukagua."

"Unikague mimi?" Shangazi akacheka mpaka maharage yakaruka. "Nyie watu wa gesi mmeishiwa kazi kweli. Haya, nikague."

"King'ora kikilia, unafanya nini?"

Shangazi akaweka ungo chini, akanyoosha mgongo kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Nazima moto. Nafunga gesi. Sichukui kitu. Natoka, napanda uwanja wa shule, sikimbii, sisukumani na watu." Akashusha pumzi. "Tena kwenye mkutano wenu nilipewa fulana kwa jibu hilo. Imenibana lakini ninayo."

Bi Itakuwaje alitabasamu. Jibu lilikuwa kamili, halina upungufu hata wa neno. Wakaingia jikoni, wakaendelea na habari za ndugu, nani kaoa, nani kanuna. Shangazi akaosha maharage, akatia maji kwenye sufuria, akaiweka kando. Jiko lake ni la gesi, lile dogo la plati mbili, alilonunuliwa na huyuhuyu mtoto wake wa kulea.

King'ora kikalia.

Kililia kama kinavyolia kila siku ya kazi, sauti ndefu inayopanda na kushuka, mpaka vikombe kabatini vikatetemeka. Shangazi akashika goti, akainuka. "Ee, saa sita hiyo, na mimi nimekaa tu napiga domo." Akachukua kiberiti juu ya kabati, akafungulia gesi, akawasha. Moto wa buluu ukachanua. Akabandika maharage.

Na si yeye peke yake. Ukuta wa jikoni ni mwembamba, na Bi Itakuwaje akasikia kijiti kikikwaruzwa nyumba ya pili. Akasikia kipepeo cha mkaa kikipiga haraka haraka nyumba ya tatu. Mwanamke mmoja akapaza sauti uani, "Jirani, nigawie moto, king'ora kimeshalia!" Dirishani, moshi ulikuwa unapanda kutoka kila ua, mtaa mzima, huku king'ora cha hatari kikiendelea kulia juu ya vichwa vyao.

Bi Itakuwaje akageuka kutoka dirishani.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimebandika maharage. Kwani hutakula?"

"King'ora kinalia!"

"Mimi si kiziwi, nakisikia. Ndiyo saa sita hiyo."

"Si umeniambia sasa hivi kikilia unazima moto?"

"Aa, mwanangu, hicho ni kingine," Shangazi akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. "Hicho cha kuzima moto ni cha hatari."

"Kingine kipi, Shangazi? Kipo kimoja tu."

Shangazi akalitazama jiko. Akakitazama kiberiti mkononi mwake. King'ora kikakoma, na kimya kilichobaki kilikuwa cha watu wanaopika.

"Sasa mimi nitajuaje," akauliza taratibu, "kama leo kinalia cha hatari au kinalia cha maharage?"



Kisa cha king'ora hicho kilikuwa hiki. Mhandisi wa kwanza wa kituo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu mwangalifu. Aliwahi kufanya kazi mahali ambapo moto ulitokea, wakabonyeza king'ora, king'ora kikanyamaza kwa sababu kilikuwa kimekufa zamani bila mtu kujua. Akaapa kwamba chake hakitakufa hivyo. Akaagiza kijaribiwe kila siku ya kazi, saa sita kamili. Na kweli, hakijawahi kufa. Lakini ng'ambo ya ukuta palikuwa na watu wasio na saa ukutani, na wakapata saa ya bure isiyokosea. Watoto wakakua nayo, wasichana wakafundishwa upishi kwayo, hata Bi Itakuwaje mwenyewe, akaizoea tangu utotoni mpaka hakuwahi kuitilia shaka. Kila siku, mwaka baada ya mwaka, mtaa ulifundishwa kwamba king'ora kikilia, washa moto. Mkutano na fulana vitafua dafu gani mbele ya somo la kila siku?

Bi Itakuwaje alikula maharage yale kwa heshima ya Shangazi, lakini hakuyasikia utamu. Alikuwa anaona kitu kimoja tu: siku gesi itakapotoka, kifaa alichokiandika Kitabuni kuwa kitawaokoa ndicho kitakachowawashia kiberiti. Na mkono wa kwanza kushika kiberiti utakuwa ule uliomlea.

Kesho yake asubuhi Meneja alikuwa amekwisha kuandaa kalamu. Meneja wa kituo hicho ni mtu mwema, kosa lake ni haraka. Hata chai huinywa akiwa amesimama. Kitabu kilikuwa mezani kwake, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa sahihi.

"Karibu, Mhandisi. Tia sahihi tukapumzike."

"Sitii, Bosi."

Meneja akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akakaa. "Kibali chetu kinaisha mwisho wa mwezi huu. Kitabu kisipofika kwa wakaguzi, geti linafungwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na watu wote hawa watakwenda kula nini?"

"Hilo nalo nalijua. Nilikesha nalo." Akavuta pumzi. "Bosi, naomba kitu kimoja tu. Saa sita twende wote juu ya tangi."

Wengine wangeanza kutoa hotuba. Yeye hakuitoa, na ndiyo maana namvulia kofia. Saa sita walipanda ngazi ya tangi kubwa, Meneja mbele akilalamikia magoti, mpaka kwenye kijukwaa kinachotazama mtaa. Mapaa yalikuwa yametulia. Kisha king'ora kikalia chini yao, na Meneja akaona kwa macho yake moshi ukianza nyumba hii, ile, na ile, hadi mtaa mzima ukawa unafuka.

Alishika chuma cha kijukwaa. "Mama yangu," akasema. "Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Walishuka ngazi. Mchana huohuo walikwenda wote wawili kwa mkaguzi wa serikali kujishtaki wenyewe kwamba andiko lao lina tundu, na tundu lenyewe likoje. Mkaguzi, mwanamke mtu mzima mwenye maneno machache, aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema amezoea kutafuta mashimo ambayo watu wameyafukia, hajawahi kuletewa shimo likiwa wazi. Lakini hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kibali cha muda atawapa, ila matangi yasizidi nusu, na zamu zipungue, hadi ithibitike kwamba mtaa umebadilika.

Zamu kupungua ni watu kukaa nyumbani, na maneno yakaanza. Kwamba Bi Itakuwaje ametumwagia unga. Kwamba elimu ikizidi inakuwa ugonjwa. Kwamba maharage ya shangazi yake yamefunga kiwanda. Aliyasikia yote kantini, na yalimuuma, nisikudanganye. Kuna siku aliacha chakula sahanini akatoka. Lakini hakubadilisha neno.

King'ora cha saa sita kikasimamishwa. Siku ya kwanza mtaa ukachanganyikiwa. Watoto walichelewa darasa la mchana, wazee walikula alasiri, na fundi cherehani wa kona alishona suruali mbili za ziada huku akingoja saa ya chakula. Jioni ujumbe wa jirani ulifika getini ukiwa umenuna. "Saa yetu mmeipeleka wapi?" wakauliza. Bi Itakuwaje aliwaelewa. Alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule, wakakubaliana kwamba mchana kengele ya shule ipigwe kwa nguvu isikike mpaka bondeni. Saa ikarudi kwa sauti nyingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ngumu ilikuwa kuifuta sauti ya kwanza mikononi mwa watu. Majaribio yakawa ya ghafla, leo asubuhi, wiki ijayo jioni. Mara ya kwanza kililia saa kumi, na mzee mmoja akatoka nje, akatazama jua lililokwisha kuinama, akauliza kwa hasira nani amelisukuma. Katika nyumba kadhaa watu waliwasha moto, wakapika chakula ambacho hakikuwa cha mchana wala cha usiku.

Bi Itakuwaje alikaa majikoni kwa watu. Siku zake za mapumziko alizimalizia huko, kwenye kigoda, akimenya vitunguu vya watu wengine huku akingoja king'ora. Akagundua jambo ambalo halimo katika kitabu chochote, hata chake. Watu walikuwa tayari kuacha nyumba, lakini si sufuria iliyo nusu njia. Mtu atakimbia aache viatu, ila moto ataupunguza tu, "usilale kabisa, nikirudi nimalizie." Na moto mdogo kwa gesi ni moto.

Akarudi kwa Meneja. Wakakubaliana kwamba chungu chochote kitakachozimwa na king'ora, kantini ya kituo itammalizia mwenye chungu kupika, ale na watoto wake. Meneja alitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti, amesimama juu ya kreti la soda. Jaribio lililofuata, vyungu vilivyozimwa viliongezeka mpaka mpishi wa kantini akaomba wasaidizi.

Aliyemshinda ni mmoja tu. Shangazi.

Si kwamba hakutaka. Kila mara king'ora kilipolia, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kiberiti kabla kichwa hakijasema lolote. Mara mbili aliwasha kabisa, akashtuka, akazima. Mara ya pili alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga.

"Mkono huu una akili yake," akasema. "Nitawaua jirani zangu, mwanangu."

"Hutamuua mtu, Shangazi."

"Itakuwaje ukiwa umekosea?"

Hakuna aliyewahi kumrudishia swali lake kwa namna hiyo. Alimshika Shangazi mkono, wakakaa hivyo mpaka kengele ya shule ikapigwa. Kitabu kikaendelea kukaa bila sahihi.

Ikaja siku yenyewe, na haikupiga hodi. Dereva wa lori la gesi alimaliza kushusha mzigo, akadhani msaidizi amekwisha kulitoa bomba la mpira kwenye lori, akatia gia. Bomba likachomoka. Valvu za dharura zilijifunga kama zilivyoandikwa Kitabuni, lakini kilichokuwa kimetoka kilikuwa kimetoka. Ukungu mweupe ulimwagika chini, ukazunguka magurudumu, ukaelekea kwenye mtaro unaopita chini ya ukuta. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, saa ambayo mikono ya mtaa ule ilizoea kushika kiberiti tangu zamani. Mfuko wa kitambaa wa kuonyeshea upepo, ulio juu ya mlingoti, ulikuwa umenyooka barabara kuelekea paa la Shangazi.

Bi Itakuwaje alibonyeza king'ora kwa mkono wake.

Nafasi yake siku ya hatari ni chumba cha mitambo. Aliiandika mwenyewe. Hawezi kutoka, lazima asimamie maji ya kunyunyizia, awaelekeze zimamoto, ahesabu wafanyakazi. Kuna dirisha moja, nalo linaonyesha ukuta na ncha za mapaa tu. Moyo ulimwambia kimbia, miguu aliikataza. Alitoa amri kwa sauti kavu isiyotetemeka, na kila alipopumua alitazama dirishani akitafuta moshi. Aliyekuwa karibu naye anasema midomo yake ilikuwa inacheza, na hakujua kama ni dua au ni lile swali lake.

Juu ya mapaa hapakuonekana moshi.

Gari la zimamoto liliingia kwa lango la nyuma, likapita kona bila kugusa. Vijana wao walitembea na vipimo vya gesi kando ya mtaro, kisha kwenye vichochoro. Wakatoa taarifa kwa redio: gesi imevuka ukuta, imeingia mtaani, kipimo kinapiga kelele katika nyumba za nyuma. Wakataja nyumba moja moja. Kwenye mlango wa Shangazi kipimo kilipiga kelele kuliko kote. Kisha upepo ukaipeperusha, maji yakaisukuma, na jua lilipoanza kuinama vipimo vikanyamaza vyote. Hakuna aliyeungua hata ukucha.

Ndipo aliporuhusiwa kutoka, na hapo alikimbia. Mtaa ulikuwa unateremka kutoka uwanja wa shule, kina mama, wazee, watoto, mafundi, wote mikono mitupu kama walivyofundishwa. Alimkuta Shangazi mlangoni pake akivua viatu, fulana ile ya zawadi imembana kifuani. Walikumbatiana. Kisha Shangazi akamvuta ndani.

Jikoni palikuwa baridi. Jiko limezimwa, gesi imefungwa, sufuria ya maharage iko juu yake imefunikwa. Bi Itakuwaje akatazama juu ya kabati pale kinapokaa kiberiti siku zote. Hakikuwepo.

"Kiberiti kiko wapi, Shangazi?"

Shangazi akaonyesha kwa kidevu. Kwenye ndoo ya maji, karibu na mlango, kiberiti kilikuwa kinaelea, kimelowa, vijiti vimetawanyika.

"King'ora kilipolia tu, nikazima moto. Halafu nikaona mkono unarudi," Shangazi akasema. "Nikasema leo hunipati. Nikakitupia kiberiti majini."

Bi Itakuwaje akasogea penye jiko. Alifunua sufuria, akachovya kijiko, akatoa harage moja, akalitia mdomoni. Lilikuwa gumu, halijaiva hata nusu. Machozi yalimshuka palepale, akiwa amesimama na mfuniko mkononi, na hakuyafuta.

"Ni mabichi, Shangazi."

"Si ulitaka hivyo?" akasema Shangazi. "Haya, kaichukue kalamu yako ukatie sahihi. Na ukipita kantini, waambie tunakuja na masufuria."

Alilitafuna lile harage mpaka likaisha, akameza, akaenda.